Mshipi Umepanda

Hukumu ilishatoka: Bibi Izza amchinje beberu wake wa pekee, awalishe wazee, maana mbuzi wake wameonekana juu ya Mshipi kabla malisho hayajafunguliwa. Na bila beberu, mwakani hakuna watoto wa mbuzi, hakuna maziwa.

Mshipi ni ule ukanda mweupe unaolizunguka bonde zima katikati ya miamba myekundu. Chini yake, chunga upendavyo. Juu yake, subiri. Mlinzi akisingizia, anachinja beberu wake yeye, lakini nani amewahi kumwona mlinzi wetu Addi akikosea?

Sasa huyo Tuda, mjukuu wa Bibi Izza, karudi juzi kutoka chuoni Beni Mellal anakosomea miamba, mawe yamemjaa kichwani mpaka yanamwagikia mdomoni. Akawakokota wazee wote mlimani, chupa ya siki mkononi.

"Ami Addi, uliwaona wapi?"

"Hapo, juu ya huo mweupe. Au chuoni mnauita mweusi?"

Wazee wakacheka.

"Mweupe, ami. Na kaburi la walii tunalipaka chokaa ya wapi?"

"Ya Mshipi. Tunachoma jiwe lake tangu enzi za mababu. Ya wapi tena?"

Tuda akalikwangua jiwe kwa kisu, akamimina siki. Wapi. Imetulia kama maji ya kunawa.

"Jiwe la chokaa huichemsha siki. Hili ni jasi tu, si Mshipi."

"Labda siki yako imelala," Addi akasema.

"Basi twende tukaiamshe."

Akapanda mbele yao, ingawa huko juu hajapima bado. Alichojua ni kwamba mlima ulikatika hapa zamani na upande huu ukanyanyuka, kwa hiyo Mshipi nao lazima uwe umepanda. Akafukua kifusi chekundu, akafukua, kucha zikakatika. Weupe ukatokea. Akakwangua, akamimina.

Siki ikachemka, ikatoa povu kama chai ya mnanaa iliyomiminwa kutoka juu.

Mkuu wa wazee akainama mpaka kilemba kikagusa jiwe, akasikiliza. "Huu ndio wenyewe," akasema. "Mbuzi walikuwa chini yake."

Shingo zote zikamgeukia Addi. Addi akaanza kuangalia viatu vyake.

Habari ikashuka bondeni kabla yao, vigelegele vikawapokea njiani. Bibi Izza alikuwa mlangoni, mkono kwenye pembe ya beberu wake.

"Tuda, mwanangu, siki imebaki?"

"Nusu chupa, bibi."

"Usiimwage. Beberu wa Addi ni mzee, nyama yake itakuwa ngumu."