Neno la Mama Yake Neville

Mara ya kwanza Neville Pruitt alipokuja kutembea nasi, nilidhani ni mtu wa ofisi ya mto aliyetumwa kutuchunguza. Alivaa shati lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi, akakaa nyuma ya wote, wala hakuuliza kitu. Matembezi yetu ni ya Jumamosi asubuhi, hayana kiingilio, na anakuja yeyote: kina mama na vigari vya watoto, wanafunzi kutoka India, wastaafu na kofia zao za jua. Tunaanzia kwenye kizuizi cha maji na kuufuata ukingo wa mto Karrawirra Parri mpaka daraja la waenda kwa miguu, katikati ya mji wa Adelaide, Australia. Shangazi Merle hutangulia akisimulia habari za mto na za sisi Wakaurna, wenyeji wa asili wa hapa. Sehemu yangu ni sanaa. Nawaonyesha watu mawe yaliyochongwa mfano wa ngao, ukuta wa vigae, matete ya chuma yanayolia upepo ukipita, na kuwaambia nani alitengeneza nini na kwa nini.

Shangazi Merle si shangazi yangu wa damu. Mjini hapa ni shangazi wa kila mtu, hata wa polisi.

Jumamosi iliyofuata Neville alirudi, na nyingine tena. Polepole tukamfahamu. Alikuwa fundi wa mabehewa ya treni, sasa amestaafu, mkewe amefariki, anaishi peke yake Thebarton, karibu na mto. Rangi yake ilikuwa yetu, ila jina na lafudhi vilikuwa vya wazungu waliomlea. Sisi tukikutana na mtu wetu huwa tunaanza na swali moja: watu wako ni kina nani? Shangazi hakumuuliza. Aliona mtu huyu huenda hana jibu, na kwamba kuulizwa kungemuumiza, akamwacha aje nalo mwenyewe siku akiwa nalo.

Alikuja nalo asubuhi moja ya baridi, tumesimama penye matete. Shangazi alikuwa akiwafundisha watu neno letu la maji, kauwi, nao wanalirudia kwa sauti. Neville akainua mkono kama yuko darasani. Akasema neno hilo analijua. Mama yake alikuwa akilisema.

Akaeleza mbele ya watu wote kwamba alichukuliwa na serikali, kama watoto wetu wengi wa enzi zile, akiwa mdogo, wa miaka minne hivi, akawekwa kwenye nyumba ya watoto, kisha akapewa familia ya Pruitt. Kuhusu mama yake aliambiwa tu kwamba ni mwanamke wa pande hizi hizi. Yeye mwenyewe alimkumbuka amechuchumaa mbele ya moto na kopo jeusi, akisema kapi, kapi. Maana yake hakuijua. Leo amesikia kauwi na ameelewa kuwa ni neno lile lile, ila masikio ya mtoto yalilishika vibaya. Ndiyo maana, alisema, maisha yake yote hakuweza kuhama karibu na mto huu.

"Kumbe nilikuwa nyumbani siku zote," alisema, "sikujua tu."

Watu walilia. Mwanamke mmoja mgeni kabisa alimkumbatia, na mimi nilifuta macho kwa ncha ya skafu. Shangazi Merle alimshika Neville mkono, akamshukuru kwa kutuamini na jambo zito namna ile, kisha akageuka tukaendelea na safari. Hakumwambia karibu nyumbani. Nililiona hilo, nikadhani moyo umemjaa tu.

Tangu siku hiyo Neville akachangamka. Alikuja kabla yetu, amebeba skonzi alizooka mwenyewe, ngumu, tukazila hivyo hivyo. Alianza kusema "mto wetu". Wageni wakawa wanamzunguka yeye kuliko sisi, na alijua kuwasimulia, bila makeke, akisita mahali pa kusita.

Msimu huo nilikuwa namalizia kazi yangu kubwa kuliko zote, wavu wa shaba. Wazee wetu walifuma nyavu za samaki kwa nyuzi za mizizi ya matete, wakiitafuna kwanza hadi inalainika, nami nilitaka watu wauone wavu kama huo umetandwa ukingoni pale pale ulipokuwa ukitandwa. Ofisi ya mto ikapanga siku ya uzinduzi. Kijana wa ofisi akapendekeza Neville azungumze, mwana wa mto aliyepotea na kurudi. Nilikubali papo hapo, na mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea Neville habari. Alienda kusimama mbali kidogo kuwatazama mabata weusi. Aliporudi aliniuliza kama itabidi avae suti.

Shangazi nilimkuta jikoni kwake akipika mchuzi wa mkia wa kangaruu. Nilipomweleza alipunguza moto, akakaa.

"Asizungumze," alisema.

"Kwa nini tena, Shangazi?"

"Neno lile si letu, Ros."

Akaniambia kwamba kapi ni maji kwa lugha ya jangwani, ya Waanangu, mbali huko kaskazini magharibi. Alikuwa akilisikia hospitali kila wiki alipokwenda kumtazama shemeji yake, kwa sababu wagonjwa wengi wa kule huletwa mjini kusafishwa damu. Alilitambua siku ile ile penye matete, na tangu hapo alikuwa akitafuta namna ya kusema.

Nilibishana naye. Nilisema lugha yetu yenyewe ilikaribia kupotea, nani atakayeapa kwamba hakuna bibi aliyesema kapi? Na hata kama ni hivyo, mzee wa watu ana furaha, mkewe amekufa, hana mtoto. Tukimwacha na mto huu tunapungukiwa na nini?

"Mto ningempa," Shangazi alisema. "Lakini kule kwao kuna watu walionyang'anywa mtoto. Labda mpaka leo wanamtaja. Sasa mimi nimchukue mtoto wao, nimpe jina langu, niseme ni wangu. Wale waliomchukua walifanya nini kingine?"

Tulikula mchuzi, haukuwa na ladha mdomoni mwangu, na kabla sijaondoka tukakubaliana tutamwambia pamoja, yeye aseme na mimi niwepo.

Tulimwita Neville siku isiyo ya matembezi, tukakaa kwenye benchi linalotazama maji. Shangazi hakumvamia. Alimwomba amsimulie kila anachokumbuka, hata kidogo kisicho na maana. Akasema tena habari ya moto na kopo. Akasema ardhi ilikuwa nyekundu, na treni ilipita karibu ikitikisa vyombo. Halafu akakumbuka kwamba mama hakusema kapi tu, wakati mwingine alisema kapi wiya, na yeye alimwita tjitji.

"Wiya ni hapana," Shangazi alisema taratibu. "Alikuwa akikwambia maji hakuna. Na tjitji ni mtoto. Sisi mtoto tunamwita ngartu. Kaka, mama yako alikuwa mtu wa Waanangu, wa jangwani. Hakuwa wa hapa."

Neville alitabasamu kama mtu aliyetaniwa. Kisha akanitazama mimi, na nadhani aliona usoni mwangu kwamba nilikuwa nimeshajua.

"Kwa hiyo suti nisinunue," alisema.

Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza kwa mkono. Alimgeukia Shangazi, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Nilipochukuliwa kwa mama sikuwa na akili ya kusema kitu. Leo nina akili, dada, na bado sina la kusema. Huu mto ndio kitu pekee nilichokuwa nacho."

"Najua," Shangazi alisema.

"Hujui. Wewe umezaliwa nao."

Aliondoka akifuata njia ya baiskeli bila kugeuka. Shangazi alibaki amekaa, mikono juu ya magoti.

Uzinduzi ulifanyika. Watu walikuja wengi, wavu uling'aa, nikapigwa picha na wakubwa. Waliomuulizia Neville niliwajibu kwamba hakujaliwa kufika. Jumamosi zikapita bila yeye. Nilipita kwake Thebarton mara mbili, redio inasikika ndani, mlango haukufunguliwa. Shangazi aliendelea kuongoza matembezi lakini alifupisha maneno, na penye matete hakusimama tena. Siku moja aliniuliza kama namwona ni mkatili. Nilimwambia simwoni hivyo. Ilikuwa kweli nusu.

Baridi ilikuwa kali Neville alipotokea, bila skonzi, hajanyoa ndevu. Alisubiri wageni wamalize maswali yao waondoke, ndipo akamjia Shangazi.

"Hiyo lugha," alisema, "nani anaizungumza hapa?"

Kumbe Shangazi alikuwa amekwisha kumtafuta mtu. Alikuwa mama mmoja aitwaye Mona, wa huko huko jangwani, aliyekaa hosteli ya wagonjwa karibu na hospitali. Alikuwa amemweleza mapema habari za Neville, na Mona alikuwa akiuliza kila wiki yule mzee yuko wapi. Jumamosi iliyofuata tulimleta Mona mtoni kwenye kiti cha magurudumu, amejifunga blanketi, na chupa ya chai mapajani. Hakuwa na haja na sanaa zetu. Ukuta wa vigae aliutazama, akasema rangi zimefifia, na mimi sikumwambia ni kazi ya nani.

Tulipofika kwenye benchi akamkazia Neville macho, akamwambia kitu kwa lugha yake, haraka, kama mtu anavyomsemesha jirani.

"Wiya," Neville akajibu.

Akashtuka mwenyewe. Alisema hajui ameulizwa nini, mdomo umejibu tu.

"Nimekuuliza kama unataka chai," Mona alisema, akicheka hadi kiti kikatikisika. "Umeninyima raha ya kukukaribisha, mzee wewe."

Neville alifunika uso kwa viganja viwili. Mona akaacha kucheka, akammiminia chai hata hivyo, akamwekea mkononi. Kisha akaanza kumhoji. Jua likizama, reli ilikuwa upande gani? Palikuwa na tangi la maji? Mama alikuwa na wenzake, au peke yake? Mengi Neville hakuyajua. Lakini alikumbuka tangi, na kwamba kulikuwa na msichana mkubwa kuliko yeye aliyembeba mgongoni. Mona alifikiri, akataja kituo kimoja cha zamani kwenye reli ya magharibi, kilichofungwa zamani, na koo mbili za watu waliokuwa wakikaa hapo. Akaomba simu yangu. Alipiga kwa mpwa wake, mpwa akampa mtu mwingine, na maongezi yakawa marefu hata betri ikaisha.

Habari ilirudi baada ya wiki kadhaa. Mama alikuwa amekwisha kufa, Neville akiwa bado kijana wa karakana. Yule msichana alikuwa hai. Anaitwa Edie, dada yake mkubwa. Siku gari la serikali lilipokuja kumchukua Neville alikuwa amejificha nyuma ya tangi, na yeye ndiye aliyeachwa amwambie mama.

Neville alipanda basi la kwenda mji wa Ceduna, magharibi, na kutoka hapo wapwa zake wakamchukua kwa gari. Alisema anakwenda kusalimia, akakaa mpaka maua yakachanua huku kwetu. Simu yake ilikuwa na upepo mwingi, tulisikia nusu ya maneno. Alimwambia Shangazi kwamba dada yake amemtajia jina ambalo mama alimpa. Shangazi hakumuuliza jina hilo, wala mimi sikumuuliza baadaye.

Majira ya joto yalipokaribia Edie aliletwa Adelaide kufanyiwa upasuaji wa macho, na Neville akaja naye. Jumamosi moja waliungana nasi, dada amevaa miwani myeusi, amemshika kaka yake mkono wa shati kama anayeogopa kupotelewa naye sokoni. Kabla hatujaanza kutembea Edie alimwendea Shangazi Merle, akamsemesha kwa lugha ya jangwani maneno mengi. Neville akatafsiri, akikwama kwama. Alisema dada yake anaomba ruhusa kupita kwenye nchi yetu, na anashukuru kwamba tulimtunza mdogo wake. Edie akamkatiza, akamsahihisha neno moja, wapwa wawili waliofuatana nao wakacheka, naye Neville akarudia upya, masikio mekundu. Shangazi alimpa ruhusa. Alimshika Edie mikono yote miwili, wakasimama hivyo bila lugha ya kuzungumza, na kundi zima likasubiri.

Njiani Edie hakuwa na subira na maelezo yangu. Wavu wa shaba ndio uliomsimamisha. Aliupapasa mafundo, akauliza umevua nini. Nilisema haujavua kitu, ni wa kutazama tu. Akauliza basi samaki wa mto huu wanaliwa lini. Shangazi alimwambia siku hizi hawaliwi, maji yana sumu za mji, ila pakisafishwa, labda wajukuu.

Neville akamtafsiria. Edie alivua miwani, akayatazama maji kwa yale macho yake mapya, muda mrefu, ndege mmoja, mwari, akipita chini ya daraja. Halafu akasema kitu kifupi.

"Anasema poleni," Neville alituambia.