Kamati Haijavunjwa

Joyceline alikuwa akichuja chai ya kamati ya harusi yake. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, mwezi wa pili, na harusi yenyewe ilifungwa mwezi wa tano mwaka uliopita, hapo hapo mjini Bariadi. Wajumbe walikuwa sebuleni kwenye viti vyeupe vya plastiki vya kukodi. Miguu ya viti ilikuwa imeshazama kwenye saruji kina cha kidole, kwa hiyo mwenye viti aliacha kuvidai.

Kosa lilikuwa la wote, ndiyo maana hakuna aliyelibeba. Harusi ikiisha, kamati hukutana mara ya mwisho, watu hula, hucheza, hushukuriana, kisha mwenyekiti hutangaza kwamba kamati imevunjwa. Sherehe hiyo iliahirishwa kwa sababu ununuzi wa pamba ulifunguliwa wiki ile ile na kila mtu alikimbilia kwenye mizani. Pamba ilipokwisha wajumbe walirudi, wakaketi, wakaendelea na vikao. Hakuna aliyewakaribisha na hakuna aliyewauliza wanaondoka lini.

Lililopitishwa na kamati lilitokea kweli. Walipitisha kwamba mapazia ya njano hayafai, na kulipokucha yalikuwa ya bluu. Walipitisha kwamba ndizi ni tunda, siyo chakula, na mkungu mbichi ambao mama yake Joyceline aliutuma kwa basi kutoka Rombo uliiva wote ndani ya gunia usiku huo. Joyceline aligawa ndizi mbivu mtaa mzima huku akisonya. Shigela, mumewe, mwalimu wa hesabu anayeweza kulinyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, alisema bluu nayo si mbaya.

Mwanzoni Shigela alikuwa akipika. Wali wake ulikuwa mabonge na maharage yake yalivunja meno, lakini alipika, na Joyceline alikula akicheka mpaka machozi. Ndoa ilikuwa ndiyo hiyo, watu wawili wanajifunza kuunguza sufuria pamoja. Kamati iliwasikia wakicheka, ikapitisha kwamba mwanamume hajui jiko liko wapi. Kesho yake Shigela hakuuona mlango wa jikoni. Aliupapasa ukuta, akasema kweli hapa hakuna kitu, akaenda kukaa. Hakutafuta sana.

Kilichobaki mikononi mwa Joyceline kilikuwa kazi yake. Alikuwa afisa ugani, na kila asubuhi alipanda pikipiki kwenda Nkololo kukagua pamba za watu. Mwezi huo vitumba vilikuwa vimeanza kuingiwa na funza, na wakulima walikuwa wakimpigia simu tangu alfajiri. Asubuhi hiyo, akiwa na chujio mkononi, alisikia kutoka sebuleni kwamba ajenda ya jioni itakuwa kazi ya bibi harusi.

Alimkuta Shigela uani akipiga viatu rangi.

"Leo wanajadili kazi yangu."

"Nimesikia."

"Wewe ndiye uliyewaita, wewe ndiye wa kuwavunja. Ni sentensi moja tu, Shigela."

"Nitasema, Joy. Ila baba mkubwa huwezi kumwambia inuka kwenye kiti."

"Basi mwambie akiwa amekaa."

Shigela alicheka, akamwahidi tena, na Joyceline akamwamini. Alikuwa bado na umri wa kumwamini mtu kwa sababu amecheka.

Jioni mwenyekiti alifungua kikao. Alikuwa Mzee Ndaki, baba mkubwa wa Shigela, mwenye ng'ombe wengi huko Lalago, ambao tangu mwaka jana walikuwa wakijichunga wenyewe.

"Mwadila," aliwasalimu.

"Mwadila," wajumbe waliitikia.

"Ajenda ni moja. Bibi harusi anashinda mashambani na pikipiki. Nyumbani kwetu watu wanauliza, tulioa au tuliajiri?"

"Mzee, mimi siyo bibi harusi," Joyceline alisema. "Mimi ni mke wa mtu, na hii ni nyumba yangu."

Katibu, shangazi Nyanjige, alimtazama kwa upole. "Mayu, mama yangu, mpaka kamati ivunjwe wewe ni bibi harusi. Na bibi harusi haongei kikaoni. Kama kuna neno, bwana harusi atasema."

Shigela alisimama. Sentensi ilionekana kooni mwake, imevimba upande mmoja. Ilipanda hadi kidevuni, ikakaa kidogo, kisha akaimeza.

"Mimi nawashukuru tu kwa kujitoa," alisema.

"Wabeja, ng'wanangu," alishukuru Mzee Ndaki. "Apigiwe makofi ya kilo."

Alipigiwa. Kamati ikapitisha kwamba njia za bibi harusi ziishie jikoni. Joyceline alipandwa na hasira, na alikuwa na haki. Angepewa mume mbaya angejua la kumfanya. Alipewa huyu mwenye adabu.

Asubuhi alivaa buti, akawasha pikipiki, akaishika barabara ya Nkololo. Alipita kituo cha mafuta, akapita mashamba, akakata kona ya mwisho, akajikuta mbele ya jiko lake mwenyewe, injini ikiunguruma kati ya ndoo za maji. Akageuza, akajaribu barabara ya Maswa. Ilimleta mlango ule ule, ila kwa kuchelewa zaidi. Simu ikaita, mkulima akamuuliza yuko wapi, funza wanamaliza vitumba.

"Niko njiani," Joyceline alijibu, na hakuwa amedanganya.

Siku hizi bado huondoka kila asubuhi. Jirani yake humwamkia akitoka na kumpa pole akirudi. Huko Nkololo pamba ya watu imeliwa, na ofisini wamesema afisa huyo amekuwa mvivu tangu aolewe. Shigela humwambia avumilie, wazee wana nia njema, na yeye huwasha pikipiki.

Jana jioni kamati ilikaa kuchagua jina la mtoto. Mjadala ulikuwa mrefu, kulikuwa na kucheka, na jina likapita bila kupingwa. Kikao kilipokuwa kinaanza, Joyceline hakuwa na mimba.