Sanduku la Bati la Nyanya Achieng

Taa za ukumbi wa mtaa wa Balsall Heath, huko ughaibuni, zilipowashwa, Lennox hakuthubutu kumtazama nyanya yake, aliyekaa safu ya mbele, mkoba magotini. Filamu yake ilikuwa imekwisha. Ilimhusu kijana wa chuo cha ualimu nchini Kenya, mwaka 1979, aliyempenda mwanamume mwenzake, akajichukia, na hatimaye akajikubali. Nyanya Achieng alikuwa ameiazimisha filamu hiyo sanduku lake la bati la chuoni, akiamini kuwa ilihusu masomo. Lennox hakumsahihisha. Wala hakuwa amemwambia kwamba kijana yule, kwa yote yaliyo muhimu, ndiye yeye Lennox.

"Allez, haya ndugu, watu wanangoja shukrani," alinong'ona Mireille, mpiga picha wake.

Katika ushirika wa kanisa lao, hata nje ya ibada, mwenye kutoa shukrani huwaita jamaa zake wasimame naye mbele. Lennox akaenda, akawashukuru waigizaji, akamshukuru Mireille, kisha akaishia hapo, macho kwenye karatasi yake ya shukrani. Kumwita nyanya mbele ya waumini wenzake waliojaa safu za nyuma kungekuwa kumlazimisha kuchagua. Kutomwita kungekuwa kumkana.

"Watu wako wako wapi?" ikauliza sauti kutoka safu ya mbele.

"Nyanya, sikutaka..."

"Nimekuuliza swali."

"Ni wewe, Nyanya."

"Basi niite. Sikulelewa kwenda mbele bila kuitwa."

Akamwita. Nyanya akamkabidhi jirani mkoba, akaja polepole, akamshika mkono kwa nguvu kama anayemvusha mtoto barabara.

"Filamu ina kosa," akatangaza. Lennox akafumba macho. "Siku ya ukaguzi wa bweni, sanduku liliwekwa miguuni pa kitanda. Ninyi mmeliweka chini ya dirisha! Mngeadhibiwa nyote."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyanya hakucheka. Akamgeukia mjukuu wake, akapunguza sauti.

"Yule kijana alilia juu ya sanduku langu, na hakuna aliyemwendea. Wewe ulilia wapi?"

"Chumbani, nyumbani kwetu Hodge Hill. Ulikuwa jikoni."

"Siku nyingine, njoo jikoni."

Lennox akaitazama tena karatasi yake. Jina la nyanya halikuwamo. Alikuwa ameogopa kuliandika. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Namshukuru nyanya yangu," akasema, na safu za nyuma zikaitikia amina kwa sauti kubwa, kama kanisani.