Bati Nyuma ya Bampa

Kache ndiye aliyeliona kwanza lile doa. Lilikuwa juu ya bomba la moshi, kwenye bampa jeupe la gari la Hesbon, afisa wa leseni za biashara. Doa la rangi ya chai, upana wa kiganja. Alilisugua kwa sabuni, halikutoka. Alipoligusa kwa kidole, rangi ilicheza kama utando juu ya uji.

Hakumwambia mtu. Katika yadi ya Mwambire ya kupaka rangi magari, pale Barani, muosha magari haulizwi habari za rangi.

Wiki iliyofuata bampa lilipigwa msasa na kupakwa upya, na aliyelipaka ni Bridgit. Hapo ndipo palipomuuma Kache. Miaka mitatu alikuwa akiiosha bunduki ya kupulizia rangi kila jioni, akaujua uzito wake kuliko alivyojua uzito wa ndoo zake. Fundi wa kwanza alipohamia Mombasa, nafasi ilikaa wazi miezi miwili. Kache alikuwa akipita mbele ya Mwambire na matambara yake, akingoja atazamwe. Akaja Bridgit na cheti cha chuo ndani ya karatasi ya nailoni. Kache aliacha shule darasa la sita, mwaka ambao ukame wa Ganze ulimaliza mbuzi wa baba yake.

Bridgit alipewa barakoa na glavu. Aliitwa fundi, Kache aliitwa wewe wa ndoo. Hata mahamri ya saa nne, ya Bridgit yaliletwa kwenye sahani iliyofunikwa. Na la kuudhi zaidi, Bridgit hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimega hamri lake na kumpa Kache nusu, naye Kache akilila bila kushukuru.

Asubuhi ambayo Hesbon angelichukua gari lake, kabla halijachukuliwa, Bridgit alilala chini yake na kipande cha bati jembamba. Alisema rangi iliungua kwa joto la bomba, kwa hiyo atalikinga bampa kwa ndani. Akapaka gundi na kulibandika bati lote, likashikana na plastiki kama stempu na bahasha.

Kache alisimama na kitambaa mkononi. Jikoni kwa mama yake, nyuma ya mafiga, palikuwa na bati la kuukinga ukuta wa makuti. Mama hakuligandisha ukutani hata siku moja. Alilining'iniza kwenye vijiti, likaachana na makuti kwa upana wa vidole viwili, upepo upite. Jirani aliyelipigilia misumari ukutani alipoteza jiko lake kabla ya Pasaka. Bati likishika moto, linakipa kilichogusana nalo.

Alifungua mdomo. "Bridgit, hilo bati..."

"Nishikie hapo tu, dada," Bridgit alisema kwa upole, bila kumtazama. "Haya mambo yana masomo yake."

Kache akashika. Moyoni akasema, basi liungue. Maneno hayo yalikuwa matamu, akayarudia kutwa nzima akiosha matairi.

Saa kumi gari lilirudi kutoka Kilifi, Hesbon mwenyewe akiwa ndani. Dereva alieleza kwamba mheshimiwa aliketi ndani zaidi ya saa nzima akingoja mkutano, injini ikinguruma ili apate ubaridi wa kiyoyozi. Juu ya bomba rangi mpya ilikuwa imevimba malengelenge, na katikati plastiki imelegea.

Hesbon hakupaza sauti. Aliuliza ni nani aliyefanya kazi ile, kisha akamkumbusha Mwambire kwamba leseni ya yadi bado iko mezani kwake tangu Januari.

Mwambire alikuwa amechutama nyuma ya gari. Kache alimwona akilitazama bomba, ambalo mheshimiwa alikuwa amelikatisha ili lingurume vizuri, likawa linaishia chini ya bampa badala ya kutokeza nje. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka na kumnyooshea Bridgit kidole.

"Ni huyu, mheshimiwa. Leo ndiyo siku yake ya mwisho. Nitatafuta mwingine mwenye cheti cha maana."

Bridgit alivua glavu, moja, halafu ya pili, akaziweka juu ya pipa. Kache alisubiri furaha aliyoichunga tangu asubuhi. Ilikuja, ikadumu kiasi cha pumzi moja, kisha akayasikia vizuri maneno ya bosi. Mwingine. Mwenye cheti. Hakuna aliyegeuka kumtazama yeye. Kesho angemchotea maji mtu mwingine, na keshokutwa mtu huyo naye angenyooshewa kidole.

Akaweka ndoo chini.

"Bomba ni fupi," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikabidi aanze tena. "Bomba lako limekatwa fupi, mheshimiwa. Hata tulipake bampa mara kumi, litaungua. Bosi amekwisha kuliona, anaogopa leseni."

Mwambire alimwambia anyamaze, aende akamwage maji machafu. Hesbon aliuliza yule ni nani. Akajibiwa kwamba si mtu, ni muosha magari.

"Na bati nalo liligandishwa," Kache aliendelea, sasa akimtazama Bridgit. "Lilitaka kuachiwa nafasi, upepo upite. Nilijua tangu asubuhi."

"Ulijua?" Bridgit aliuliza. "Mbona hukuniambia?"

Kache alijifuta mikono kwenye leso, ingawa ilikuwa imelowa kuliko mikono yenyewe.

"Kwa sababu nilitaka ufukuzwe. Ile bunduki ya rangi naitaka mimi. Miaka mitatu naitaka, na sijawahi kumwambia mtu."