Pijo ya Nyuma ya Ghala

Mnyororo ulikuwa umeshafungwa kwenye bampa ya mbele nilipopanda juu ya boneti nikaketi, na gauni langu la kanisani. Wanaume wawili wa vyuma chakavu walitazamana, kisha wakamtazama kaka yangu.

"Shuka, Dinah," Wakoli alisema. "Hiyo gari ilikufa kitambo."

"Basi niachie mimi maiti."

Hiyo ilikuwa nyumbani kwetu Ndalu, mwaka wa 2003, baba yetu akiwa na miezi michache tu kaburini. Shamba lilikuwa limeenda kwa Wakoli, na ng'ombe, na trekta. Wazee wa ukoo walinieleza kwa upole kwamba mwanamke hupata kwa mumewe. Mimi sikuwa na mume. Nilikuwa karani wa serikali Bungoma, nikiishi nyumba ya kupanga. Hakuna aliyekuwa ameikumbuka Pijo 404 ya mzee iliyooza nyuma ya ghala la mahindi, kuku wakitagia viti vyake, mpaka walipopita watu wanaonunua chuma kwa kilo.

Katika gari hilo baba alimfundisha Wakoli kuendesha. Mimi nilipewa ndoo na kitambaa cha kuliosha. Nilipomwomba anifundishe na mimi, hakunigombeza. Alicheka tu. Nadhani ni kicheko kile kilichonipandisha kwenye boneti.

Wale wanaume walifungua mnyororo wao wakaenda zao, na trekta ya jirani ikalivuta gari hadi Kitale, kwenye gereji ya Ngari mtaani Tuwan. Ngari alifungua mlango, akaona majani yamemea palipokuwa na sakafu.

"Madam, si ununue ingine tu?"

"Nataka hii. Na nitatengeneza na mikono yangu. Wewe unionyeshe."

Alikubali, akiamini nitachoka kabla ya mvua.

Kila Jumamosi nilitoka Bungoma asubuhi na mapema. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka mabega yakawaka. Vumbi lake jekundu lilinifuata hadi kwenye chai. Nilijifunza kuchomelea bati, nikaharibu, nikarudia. Pistoni za injini zilikuwa zimeshikana, nikazilowesha kwa dizeli na kungoja wiki baada ya wiki, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Ofisini walicheka kucha zangu nyeusi. Bilha, tuliyeimba naye kwaya, aliniuliza bila ubaya kama si afadhali ningetafuta mtoto wa kulea.

"Niko naye Kitale," nilimjibu. "Anakula grisi."

Mwaka wa pili injini iliwaka, ikakohoa moshi, ikazima. Ikakataa tena kwa miezi. Siku moja nililia, nimelala chini ya gari ili Ngari asinione. Nilipotoka nilimkuta amekaa juu ya tairi, ameshika kabureta.

"Fungua tena," alisema. "Sasa ni mimi sitaki kushindwa."

Tulifungua. Na jioni moja iliwaka na kuendelea kuwaka. Tulisimama pale tukiisikiliza.

Kufikia Desemba 2005 nilikuwa na leseni, niliyoipata nikiwa mwanafunzi mzee kuliko mwalimu. Nikaendesha mwenyewe hadi Ndalu, Pijo yangu ikiwa na rangi ya maziwa, vioo vyote vimefunguliwa.

Wakoli alitoka nyumbani, akaizunguka polepole, akapitisha kiganja kwenye madigadi juu ya gurudumu. Macho yake yalikuwa na maji.

"Mzee angefurahi," alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, toka niendeshe. Twende soko, watu waione."

Sikuinuka. Majirani walikuwa wamekuja hadi kwenye ua.

"Kiti yako ni ile ingine," nilimwambia.

Alipita mbele ya gari, akaingia, akaweka mikono mapajani. Tulifika sokoni. Watu walipunga mikono. Nikawapungia, lakini sikusimama. Nilishika barabara ya Kitale, kwa sababu tangi lilikuwa limejaa na mimi nilikuwa ndio kwanza naanza.