Mstari wa Tatu wa Ramani

Ofisini walimwita Masikio, kwa kuwa wenzake walipiga soga kutwa na yeye akasikiliza tu. Kazi yake ilikuwa kujaza majina ya mitaa kwenye ramani ya simu: mstari wa kwanza jina la serikali, wa pili jina la kigeni kwa ajili ya wageni, wa tatu jina la lugha ya nyumbani. Huo wa tatu ulikuwa na sharti lake. Mashahidi wawili waliokulia mtaani watie sahihi jina moja, la sivyo unabaki mtupu.

Mtaa alikolelewa na bibi yake ulikuwa bado mtupu, na orodha ilifungwa saa kumi jioni ile. Waliobaki wakiijua lugha hiyo ni wawili: bibi yake na mshona magodoro wa ng'ambo ya barabara. Na hao hawakuwa wamejuliana hali tangu Masikio yuko darasa la tatu, kisa sufuria iliyoazimwa nzima ikarudi na tundu.

Akawaketisha kwenye benchi moja, katikati ya marobota ya pamba.

"Andika Penye Kisima," bibi akasema, akalitaja kwa lugha yao.

"Kisima gani? Hapa ni Kwa Watia Rangi," mshona magodoro akadakia. "Mjukuu wangu, bibi yako kashaanza kusahau."

"Nisahau mimi! Kisima kilikuwa mlangoni kwetu."

"Mlangoni kwenu, ndiyo. Kwani mtaa wote ni mlango wenu?"

Saa tisa na nusu. Masikio alijua akiingilia tu, wataungana wamgeukie yeye. Akaiweka karatasi mapajani.

Mashine ya kuchambua pamba ikanguruma, ikatulia. Bibi akatazama nje.

"Mama yako alianika vitambaa vya buluu kutoka pale mpaka kwetu."

"Na vyekundu Jumamosi."

"Tunapita chini yake, matone yanatudondokea."

"Wewe ukaenda shule na shavu la buluu! Mwalimu akauliza nani kakupiga."

"Nikamwambia ni wewe."

"Nikachapwa, mwanaharamu mkubwa wee!"

Bibi akacheka mpaka khanga ikamteleza begani. Masikio hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko chembamba cha mtoto wa shule. Bibi akapangusa macho.

"Kisima tulikuwa tunateka sisi wachache," akasema. "Lakini ile rangi hakuna iliyemkosa. Lete kalamu."

Akatia sahihi, mwenzake akafuata. Masikio akaingiza jina palepale kwa simu, dakika kumi kabla ya saa kumi, likatokea. Vichwa viwili vikainama juu ya kioo.

"Mbona wameliandika dogo hivi?" bibi akauliza.

"Mtaa wenyewe ulikuwa mkubwa?" mshona magodoro akamjibu. "Sogea, unaniziba."