Bei Iliyo Chini ya Shuka

Siku ya tisa Murugi alishika simu kabla hata ya kunawa uso, na jibu lilikuwa lile lile: bado inakaguliwa. Programu yake ya kuuzia mbuzi, aliyoitengeneza kwa miezi minne katika chumba kimoja cha Nanyuki baada ya kuacha kazi nzuri Nyeri, ilikuwa imekwama kwa mkaguzi wa duka la programu za simu, asiyejulikana jina wala nchi. Mzee Warfa, mfanyabiashara wa mifugo aliyemwagiza, alikuwa mpole mpaka jana. Jana alisema Jumamosi ikifika haijatoka, kazi anawapa vijana wa Nairobi. Naye ndiye mteja wake wa kwanza, tena wa pekee.

Saa nne jibu likaja. Mkaguzi ameikataa. Mbuzi hawana bei, kwa hiyo programu haijakamilika. Murugi alikasirika mpaka chai ikapoa. Siku tisa zote hizo, kumbe mtu ametazama dakika mbili!

Akaenda zizini. "Mzee, ati wanataka tuandike bei ya kila mbuzi."

"Tuandike?" Warfa aliacha kukagua kwato. "Mnunuzi wa Kenol akiona nimeuzia yule wa Wang'uru kwa ngapi, kesho mimi niko na biashara gani? Bei ni ya watu wawili."

Ndivyo wafanyabiashara wa mifugo walivyouziana miaka yote. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, vidole vikataja bei, na umati uliowazunguka usiambulie kitu. Murugi aliijenga programu vivyo hivyo: bei ionekane kwenye simu mbili tu. Lakini katika maelezo kwa mkaguzi aliandika maneno mawili, "kama sokoni", akaona ameeleza yote. Amekua akiliona soko hilo. Hakufikiri kuna mtu asiyelijua.

Alijicheka, kisha akatoa simu. "Mzee, uza mmoja hapa nichukue video."

Abdimalik, mnunuzi wa siku nyingi, akaingiza mkono chini ya shuka la Warfa. Kwa dakika nzima nyuso zao hazikusema lolote. Mara wakaachiana, na Abdimalik akaondoka na beberu wake. Murugi alituma video na maelezo ya ukurasa mzima, akarudi kungoja, kazi ambayo sasa aliijua kuliko ya kompyuta.

Ijumaa alasiri simu ikalia. Imekubaliwa. Alikimbia hadi zizini akiwa na furaha isiyofichika, na hapo tu ndipo alipoona mkaguzi ameongeza swali chini.

"Mzee, huyu mtu anauliza ile beberu ilienda na pesa ngapi. Hata mimi sijui. Nimwambie nini?"

Warfa alijitanda shuka vizuri begani.

"Mwambie alete mkono."